Kijuju si Punguani

Wanangu mnaoanza kazi ya ukarani wa mahakama, nasikia siku hizi mashauri mnayaingiza kwenye kompyuta na hakuna anayerudi nyumbani na vidole vyeusi kwa wino. Hongereni. Mimi nimestaafu, na mgongo wangu ulistaafu kabla yangu. Lakini liko jambo moja ambalo kompyuta haitawafundisha: namna ya kulipokea tusi kutoka kinywani mwa mtu na kulifikisha mezani kwa hakimu bila kulimwaga njiani.

Msicheke. Katika mahakama za mwanzo nilizofanyia kazi, kwanza Biharamulo na baadaye Ngara, kesi za matusi zilikuwa za kila wiki. Mavuno yakishaingia ndani, watu wakapata nafasi ya kukaa, ndipo walipokumbuka nani aliwaita nini wakati wa palizi. Na si matusi ya nguoni. Hayo yalikuwepo, lakini kilichomfanya mtu mzima avae koti na kutoka Runazi kwa miguu asubuhi kuja kushtaki ni kuitwa mjinga mbele ya watu.

Majina ya mjinga nimeyasikia mengi mpaka nikawa nayaandika kwenye daftari, nyuma ya kurasa za hesabu za shule za mwanangu. Juha. Zuzu. Bozi. Bwege. Baradhuli. Mbumbumbu. Wazee waliosoma zamani na waliokaa pwani ndio waliokuja nayo. Sisi wengine lugha zetu za nyumbani ni Kisubi, Kihangaza, Kizinza, na Kiswahili tulikutana nacho darasani. Leo sisikii mtu akiitwa baradhuli. Nasikia boya, nasikia kilaza, nasikia zoba. Sawa, kila kizazi na wajinga wake. Ila nawaambieni, yale ya zamani yalikuwa na uzito tofauti tofauti, kama mawe ya mizani. Zuzu ni yule anayekutazama tu ukimwambia nyumba inaungua. Bwege ni yule anayeuziwa kuku aliyekufa akaambiwa amelala. Huwezi kumwita zuzu mtu aliye bwege, utakuwa umemwonea.

Nakumbuka mzee mmoja wa Runazi alimshtaki jirani yake kwa kumwita zumbukuku kwenye msiba. Hakimu akamuuliza, "Mzee, zumbukuku maana yake nini?"

"Sijui, mheshimiwa."

Akamgeukia mshtakiwa. "Wewe uliyesema, maana yake nini?"

"Nami sijui, mheshimiwa. Nililisikia redioni."

Wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa kando ya hakimu kumshauri, wakaulizwa wanaonaje. Mmoja akasema, "Mheshimiwa, maana siijui, lakini kwa lilivyotamkwa, haiwezekani ikawa ni sifa." Mshtakiwa akaomba radhi palepale, wakatoka wamepeana mikono, na hadi leo sina hakika kama kuna aliyejua walichokuwa wanagombania.

Kulikuwa pia na mama aliyelalamika kwamba shemeji yake alimwita "fara". Kwetu wako wengi ambao L na R kwao ni ndugu, wala hatuoni shida. Lakini hakimu wetu mpya alitoka Tanga. Aliinua kalamu, akauliza kwa mshangao, "Alikuita faru? Yule mnyama?" Yule mama akajibu kwa hasira, "Mheshimiwa, afadhali angeniita mnyama!" Nilijiuma ulimi. Karani hacheki mahakamani. Huo ndio mwiko wa kwanza wa kazi yetu, na ndio mgumu kuliko yote.

Huyo hakimu wa Tanga ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake, pamoja na kosa langu. Mahakama yenyewe sitaitaja. Ilikuwa upande wa Ngara, kwenye kilima, na kutoka dirisha langu ungeweza kuona barabara inayoshuka kuelekea Kabanga mpakani. Nilihamishiwa pale nikiwa na miaka michache tu kazini, msichana wa Nyarubungo, kichwa juu, shati limepigwa pasi. Taratibu za wakati ule zilikuwa hivi: hakimu aliandika mwenyewe kwa mkono kila kilichosemwa. Shahidi asipojua Kiswahili, karani alitafsiri. Baadaye karani huyohuyo aliupiga taipu mwenendo wa shauri, akagonga muhuri, na mwenye haki ya kupata nakala akapewa.

Karani mkuu wetu alikuwa Mzee Gaspari, Mhangaza wa palepale, mtu mpole aliyeweka kalamu tatu mfukoni na kuandikia moja tu. Alikuwa amenionya siku ya kwanza. "Mwanangu Leokadia, Kihangaza kinafanana na Kisubi chako, lakini kufanana si kuwa kimoja. Ukikwama, sema umekwama." Nilimwitikia ndiyo. Moyoni nikasema, mzee huyu hajui nilipata alama gani za Kiswahili.

Siku moja Mzee Gaspari akiwa likizo, ikaja kesi ya mkulima mmoja jina lake Sabasi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye kuongea polepole kama anayepima kila neno kabla ya kuliachia. Jirani alimtukana nje ya kanisa baada ya misa, akamwita mjinga asiyestahili kukaa na watu. Sabasi alimleta mama yake, Bibi Spesioza, kuwa shahidi. Yule bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Akala kiapo, akaeleza aliyoyasikia, kisha kabla ya kuketi akaongeza jambo kwa sauti kubwa, akimnyoshea jirani kidole. Alisema mwanawe ni kijuju, amekuwa kijuju tangu utotoni, lakini wa kumwita hivyo ni yeye mama peke yake.

Watu kwenye mabenchi wakacheka, kicheko kizuri cha kumpenda bibi. Hakimu akanitazama. "Amesema nini?"

Nilijua kijuju ni mjinga. Hilo tu ndilo nililolijua. Ningesema "mjinga" ningekuwa karibu na kweli. Ningesema "kijuju" kama lilivyo, ningekuwa salama. Lakini hakimu alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kilitiririka, nami nilitaka ajue kwamba hata Nyarubungo kuna watu waliosoma. Nikachagua neno zito kuliko yote niliyokuwa nayo.

"Amesema mwanawe ni punguani, mheshimiwa, tangu utotoni."

Akaandika, kicheko kikiendelea mabenchini na kuifunika sauti yangu. Nikamwona mzee mmoja wa baraza akikunja uso kidogo, lakini neno punguani halikuwa la huku kwetu, akaliacha lipite. Jirani alipatikana na hatia, akapewa onyo na kuamriwa aombe radhi mbele ya wale wale wa kanisani. Kesi ikafungwa. Jioni nikaupiga taipu mwenendo wote, karatasi mbili na kaboni katikati, herufi zimesimama safi. Nilijivuna.

Misimu miwili ikapita. Baba yake Sabasi akafariki. Ukoo ukakaa, ukamchagua Sabasi, mtoto wa kwanza, awe msimamizi wa mirathi. Akaleta maombi mahakamani kama sheria inavyotaka. Mdogo wake, Deo, akaweka pingamizi. Wiki moja kabla ya siku ya kusikilizwa, Deo huyo alikuja dirishani kwangu, akanisalimia vizuri, akaomba nakala ya ile kesi ya matusi. Nilimpa mwenyewe. Nikagonga muhuri mwenyewe. Sikujiuliza anaitakia nini.

Siku ya shauri Deo alisimama akaieleza mahakama kwamba kaka yake ni mtu mwema lakini akili zake hazitoshi kushika mali ya marehemu. "Si maneno yangu, mheshimiwa," akasema. "Ni maneno ya mama yetu mzazi, chini ya kiapo, ndani ya chumba hiki." Akatoa ile nakala.

Hakimu akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye lile neno akasimama, akalisoma tena. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kimeza changu. Punguani. Wanangu, punguani si mjinga. Mjinga anaweza kusimamia mirathi, tunao wengi. Punguani ni mtu aliyepungukiwa akili, na sheria haimkabidhi mtu huyo mashamba ya wenzake.

"Sabasi," hakimu akasema taratibu, "mama yako alisema hivi?"

Sabasi aliinuka. "Mheshimiwa," akasema, "mama halijui neno hilo. Nami nalisikia leo."

"Yuko wapi mama yako?"

"Nyumbani. Miguu imekataa. Hatembei tangu tulipomzika baba."

Hakimu akaahirisha shauri hadi Alhamisi ya wiki ile. Sabasi alipotoka alipita mbele ya meza yangu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama viganja vyake, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekishika sasa hivi.

Nilimfuata Mzee Gaspari kwenye chumba cha majalada. Nikamweleza yote, hata ile sehemu ya kujivuna. Hakunikaripia. Alipangusa vumbi kwenye jalada alilokuwa ameshika, akalirudisha mahali pake.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Bibi alisema kijuju, na waliokuwepo walicheka wakasahau. Jalada linasema punguani. Jalada halina mdomo, Leokadia. Wewe unao."

"Nikisema, watanifukuza."

"Huenda," akasema. Hakuongeza neno la kunipoza. Nilimchukia kidogo saa ile, na nimemshukuru maisha yangu yote.

Niliingia ofisini kwa hakimu mchana, anakunywa chai ya rangi. Nikasimama, sikuketi. Nikamwambia kwamba neno lile si la Bibi Spesioza, ni la kwangu.

Akaweka kikombe chini. "Alisema nini hasa?"

"Kijuju, mheshimiwa."

"Na kwa nini hukuniambia kijuju, ukaniachia mimi niulize maana?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu matatu ya kitaalamu. Yote yalitoroka. "Nilitaka uone kwamba nakijua Kiswahili."

Uso wake ulikuwa mkali, lakini pembe ya mdomo ilicheza. Kisha ikatulia. "Unajua nimeandika kwa mkono wangu kwamba mtu mzima ana akili pungufu? Unajua huyo Sabasi amekaa siku ngapi akidhani mama yake ndiye aliyesema?"

"Leo ni siku ya kwanza, mheshimiwa. Hakuwa anajua."

"Basi na iwe ya mwisho. Bibi aletwe Alhamisi, hata kama ni kwa kubebwa. Na wewe hutatafsiri."

Alhamisi nilikuwa dirishani mapema. Nikawaona wanapanda kilima. Bibi Spesioza alikuwa amelazwa kwenye machela ya miti na kamba, ile ambayo kwetu hutumika kupeleka wagonjwa hospitali, amefunikwa kitenge kipya. Machela hubebwa na watu wanne. Mbele walikuwa majirani wawili. Nyuma, upande ambao mzigo hulemea mnapopanda mlima, walikuwa Sabasi na Deo, bega kwa bega, hawasemeshani. Niliambiwa baadaye kwamba vijana wengine walikuwa wamekwenda soko la Kabanga, na Deo hakuweza kukataa kumbeba mama yake eti kwa sababu ya kesi.

Walimweka bibi katikati ya chumba. Wazee wa baraza waliinuka kumwamkia, wakaketi tena. Mzee Gaspari akasimama kutafsiri. Kabla hajaanza aliinama akamnong'oneza hakimu jambo, na baadaye aliniambia lilikuwa hili: mheshimiwa, usimuulize neno lina maana gani, muulize mtu wa namna hiyo hufanya nini. Wanangu, hilo liandikeni. Hakuna mtu anayeweza kukupa maana ya neno la nyumbani kwao, lakini kila mtu anaweza kukupa kisa chake.

"Bibi," hakimu akasema, "siku ile ulisema mwanao ni nani?"

"Kijuju."

"Alifanya nini mpaka ukamwita hivyo?"

Bibi Spesioza alijiinua kwa kiwiko. Akaeleza kwamba mwaka mmoja mvua zilikuwa mbaya, wakabakiwa na kikapu kimoja cha mbegu za maharage. Alimtuma Sabasi, akiwa bado mdogo, azipeleke shambani bondeni. Njiani alikutana na mama mmoja mgeni, ametoka ng'ambo ya mpaka na watoto wawili. Sabasi akampa nusu ya zile mbegu. Alipofika kwa mama yake hakusema uongo, hakusema zimemwagika. Alisema, "Mama, mbegu zimepungua, nimeona watoto." Baba yake alichukua fimbo. "Nikamwambia mume wangu, mwache, huyu ni kijuju wangu. Tukapanda zilizobaki. Tangu siku hiyo ndilo jina lake kwangu. Sasa mnaniambia nilimwita nini?"

Mzee Gaspari akalitaja lile neno, akamweleza maana yake. Bibi akageuza kichwa taratibu kutafuta ni nani. Niliinuka mwenyewe. Akanitazama, akasema maneno machache, na Mzee Gaspari akayatafsiri bila kuyapamba: "Anasema, binti huyu alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Hakimu hakuishia hapo, maana upendo wa mama si ushahidi wa akili timamu. Alimtaka Sabasi ataje mali ya marehemu na mipaka yake. Sabasi akaanza, polepole vilevile. Akataja shamba la migomba na mti wa mpakani, akataja shamba la mihogo na jiwe lililoko pembeni, akataja ng'ombe kwa rangi zao. Hakukosea, wala hakurudia. Alipofika bondeni, kwenye lile shamba lenye maji, akasimama.

"Hilo si la kugawa," akasema. "Ni la Deo. Baba alimpa kabla hajafa."

Hakimu akainua kichwa. "Nani alishuhudia?"

"Mimi peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na baba, akanionyesha pa kupanda alama. Deo alikuwa Biharamulo kwenye kibarua. Alama zipo, mheshimiwa, lakini nyasi zimezifunika."

"Unajua kwamba usingesema, hakuna ambaye angejua?"

"Najua."

Nyuma yangu mtu mmoja kwenye benchi alitoa pumzi, akasema chinichini, "Kijuju kweli." Safari hii hakuna aliyecheka.

Deo alikuwa amesimama. Hakuitwa asimame. Shamba lile la bondeni ndilo lililomleta mahakamani. Alikuwa ameogopa kwamba kaka yake akishika mirathi atalichukua. Akasema, "Mheshimiwa, pingamizi langu naliondoa." Kisha akamgeukia Sabasi, akasema kwa Kihangaza, na hilo sikuhitaji mkalimani: "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," Sabasi akajibu. "Ulikwenda moja kwa moja kwa karani."

Sabasi alithibitishwa kuwa msimamizi. Hakimu akaandika masahihisho kwenye jalada la zamani, akatia sahihi, wazee wa baraza nao wakatia, na mimi nikatia ya kwangu. Nje, kabla hawajainua machela, nilikwenda kwa Sabasi nikamwomba radhi. Nilipiga goti moja, kama tunavyofanya kwa mkubwa. Aliniinua kwa kiwiko. "Mama hajambo," akasema. "Alikuwa na hamu ya kutoka nje. Amepata safari." Ndiyo yote aliyosema. Wakamwinua bibi wakaondoka, na kwenye mteremko nikasikia Deo akimwambia kaka yake abadilishe bega.

Adhabu yangu ilikuwa barua ya onyo, nakala faili la utumishi. Nilikaa miaka mingi kwenye daraja lilelile huku wenzangu wakipanda, na sikuwahi kunung'unika. Ila mpiga taipu wa mahakama ile nilikuwa mimi mwenyewe, kwa hiyo barua ile niliipiga mimi. Hakimu alisimama nyuma yangu akinisomea, mikono mgongoni, nami nabonyeza herufi moja moja. Barua za serikali kwa kawaida husema "uzembe". Hakimu wetu alikuwa mtu wa maneno yake.

"Andika: kwamba kwa upumbavu wako ulitafsiri..."

Mikono yangu ikasimama juu ya mashine.

"Vipi?"

"Mheshimiwa, naomba iandikwe ujinga."

"Kuna tofauti gani?"

"Mpumbavu angerudia."

Alikwenda dirishani. Akakaa pale akitazama barabara ya Kabanga, malori yanapanda. Kisha akarudi, akasimama tena nyuma ya kiti changu.

"Andika ujinga," akasema.